Masharti ya Kupanda

Masharti yalikuwa mawili, na yote aliyatunga baba mwenyewe, halafu akanilazimisha niyaandike nyuma ya bahasha ya dawa. La kwanza: Jumamosi tutapita njia ya ziwani hadi kileleni, pale watu wanaposimama kulitazama ziwa lote, mimi na yeye tu. La pili: akifika juu bila kunishika mkono, anabaki nyumbani kwake na hakuna atakayemsumbua tena. Akinishika hata mara moja, Jumatatu anahamia kwangu.

Nilikubali haraka mno. Baba ana miaka sabini na miwili na magoti yanayolia kila akiinama, na kwa mwaka mzima alikuwa akifanya vituko. Nilijua nimeshinda kabla hatujafunga kamba za viatu. Kaka yangu, ambaye kazi yake katika familia ni kupanga maisha ya watu kwa simu, alikuwa ameshaagiza gari la kuhamisha vitu.

Vituko vyenyewe ni hivi. Nilimnunulia baba jiko jipya la gesi, lenye vitufe vinavyong'aa. Wiki mbili baadaye nikakuta amevikatakata kwa kisu. Nikafungua kabati: kopo la sukari limekwaruzwa, kopo la chumvi limekwaruzwa, mpaka vifuniko vya chupa zake za dawa ya presha vina makovu. Kwenye fremu ya mlango wa bafu palikuwa na mkato mrefu ulioingia ndani ya mbao. Nikamfokea mpaka jirani akachungulia. Baba alisikiliza, akasema, "Umemaliza?" kisha akaenda kuchemsha chai.

Kaka alisema kichwa cha mzee kimeanza kuchoka. Mimi ni mfamasia, nakaa kwenye dirisha dogo la duka la dawa tangu asubuhi hadi jioni, na nimewaona wazee wengi wakiletwa na watoto wao wakiwa hawakumbuki hata kama wamekula. Wateja wananiita Kutwa Mara Tatu, kwa sababu nikishamweleza mtu namna ya kumeza dawa yake hathubutu kusahau. Kwa hiyo nilimwandalia baba chumba. Chumba cha upande wa jua la asubuhi, kitanda cha chini, pazia jipya la kijani, kuta nimezipaka upya zikawa laini kama sahani. Nilipomleta kukiona alisimama mlangoni, akapapasa ukuta mmoja, akapapasa wa pili, akazunguka chumba kizima namna hiyo. "Kizuri, mama," aliniambia, maana huniita mama tangu nizaliwe. Halafu akaomba nimrudishe kwake. Siku iliyofuata ndipo akaja na masharti.

Jumamosi, kwenye geti la njia ya ziwani, mlinzi alimjua baba kwa mbali. "Bwana Herufi! Leo umeileta?"

"Fungua geti, acha umbea," baba alimjibu.

Bwana Herufi ni jina alilopewa na mji. Kwa miaka arobaini baba aliandika vibao: vya maduka, vya shule, vya zahanati, vya vinyozi. Wenzake walipaka rangi juu ya ubao na kwenda zao. Yeye alichonga kwanza kila herufi kwa patasi, kisha ndipo akajaza rangi ndani ya mfereji wake. Wenzake walimaliza vibao vitatu yeye akiwa bado anapuliza vumbi la mbao, na walimcheka waziwazi. Marehemu mama alilalamika kwamba hata kwenye chumvi mna machujo ya mbao. Vibao vyote vya njia hii ni kazi yake, alivifanya nilipokuwa na miaka minane.

Alikuwa amebeba begi mgongoni, na lilikuwa likigongana ndani. Nilitaka kumpokea.

"Hili langu," alisema. "Wewe beba maji."

Kibao cha kwanza kilikuwa hatua chache baada ya geti. Jua na mvua vilikuwa vimekula rangi yote, na mimi na miwani yangu nilikuwa bado nakodoa macho wakati baba alipoweka kiganja juu ya ubao, akakipitisha taratibu kama anayefuta vumbi, akasoma kwa sauti kubwa: "'Njia ya ziwani. Kileleni kilomita tano. Takataka zako rudi nazo.'"

"Umeona kushinda mimi," nilisema, na moyo ukaingia baridi. Nilikuwa nategemea sana macho yake yawe mabovu.

"Rangi imekwenda. Herufi zipo."

Njia inaanza sambamba na maji. Upande mmoja matete yamesimama marefu kuliko mtu, upande wa pili mawe meusi yenye unyevu, na kila baada ya hatua chache matete yanaachana na ziwa linaonekana, tulivu, na ndege wawili watatu wanaotembea juu ya majani ya majini kama wenye nyumba. Baba alikwenda kwa mwendo wake mmoja, uso ameuelekeza ziwani, njia wala haitazami. Kila akikaribia jiwe nilivuta pumzi, na kila mara mguu wake ulipita pembeni.

"Tazama mbele, baba!"

"Mbele napajua."

Penye daraja la magogo kulikuwa na kibao cha pili. Akakiwekea kiganja tena. "'Daraja hili ni la watu wawili kwa mara moja,'" alisoma, akacheka. "Unakumbuka uliniuliza nini hapa? Uliniuliza mtoto anahesabiwa nusu au mzima."

"Sikumbuki."

"Nilikwambia nusu. Ukanuna mpaka nyumbani."

Alivuka akiwa ameshika ukingo wa daraja. Nilifungua mdomo. "Ukingo si mkono wako," alisema kabla sijatoa neno.

Baada ya daraja njia inaliacha ziwa na kuanza kupanda, ngazi za magogo zilizochimbiwa kwenye udongo, nyingine zimeoza. Hapo ndipo nilipoumbuka. Mimi ninayewaambia watu kutwa nzima wafanye mazoezi nilikuwa nahema kama ninayefukuzwa, na baba yuko mbele yangu, begi likigonga. Kwa dakika zile sikumtakia mema, nakiri. Sikutaka aumie. Nilitaka ateleze kidogo tu, anyooshe mkono, mambo yaishe. Nilikuwa nimechoka kulala na simu sikioni nikingoja kuambiwa nyumba ya baba imeshika moto. Nilitaka awe chumba cha pili kutoka kwangu, nimsikie akikohoa.

Tulifika njia panda, palipo na kibao cha tatu. Baba alikisogelea kama alivyovisogelea vingine, akaweka kiganja, na safari hii kiganja kikasimama pale pale. Haukuwa ubao wake. Lilikuwa bati la manjano, jipya, limefungwa kwa skrubu. Aligusa ukingo wa bati, akagusa skrubu moja, akakohoa kidogo. Kisha akasoma:

"'Kileleni kushoto. Kilomita moja.'"

Nilitazama bati. Herufi zilikuwa nyekundu, kila moja kubwa kama kiganja changu. HATARI. NJIA YA KUSHOTO IMEPOROMOKA. PITA KULIA.

Kwa muda nilisimama tu, akili haijafika. Nilipogeuka, baba alikuwa ameshashika njia ya kushoto. Mbele yake walikuwa wamelaza tawi kavu kuziba, na nyuma ya tawi, kama hatua sita hivi, njia ilikatika na chini kabisa yakaonekana maji. Baba aliliona tawi kwa namna yake, akainua mguu kulivuka. Nilitupa chupa ya maji, nikamdaka mkono kwa mikono yangu yote miwili, tukaanguka wote kwenye nyasi.

"Umenishika!" alifoka. "Wewe ndiye uliyenishika! Mimi sikukushika!"

"Baba, soma kile kibao."

"Nimeshakisoma."

"Kisome tena."

Alikaa pale kwenye nyasi, kofia imepinda, akipangusa magoti ambayo hayakuwa na kitu.

"Kimeandikwa nini?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

Nilimsomea.

"Ilikuwa nzima," alisema. "Hii nilipita mwenyewe na ngazi begani." Akavua kofia. "Katikati pana doa, mama. Pembeni naona. Naona nyasi, naona viatu vyako. Lakini ninachokitazama ndicho kisichokuwepo. Nikikutazama usoni naona masikio na mabega. Uso umefutika."

"Tangu lini?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Na daktari?"

"Nilikwenda peke yangu. Aliniambia aina yangu haina dawa. Pembeni pataniachia, katikati ndiyo basi."

"Na mimi kila siku nauza dawa za macho!" Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka kutoka mtini. "Kila siku, baba! Kwa watu nisiowajua!"

"Ndiyo maana sikukwambia. Ungeniletea zote."

Nilitaka kuendelea kufoka, lakini kiganja chake kilikuwa bado kinapapasa, safari hii gome la tawi lile, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Nikakumbuka kuta za kile chumba. Nikakumbuka kabati.

"Baba. Vile vitufe vya jiko."

"Vina nini?"

"Ulivikatakata."

"Sikuvikatakata, niliviandika!" Hapo alikasirika kweli, hasira ya fundi aliyedharauliwa kazi yake. "Mkato mmoja moto mdogo, miwili wa kati, mitatu mkubwa. Sukari mmoja, chumvi miwili. Dawa ya asubuhi mkato wima, ya jioni umelala. Mlango wa bafu nimeweka alama ya mkono unapopaswa kuwa kabla mguu haujashuka. Wewe ukaja ukanifokea mbele ya jirani."

"Mwaka mzima hujaunguza kitu?"

"Nimeunguza mayai. Lakini mayai niliyaunguza hata nilipokuwa naona."

Nilihesabu kichwani, maana ndiyo kazi yangu. Dawa zake nilizihesabu kila mwisho wa mwezi, kwa siri, nikitafuta kosa, na hata mara moja hakikuzidi wala kupungua kidonge. Nilikuwa nimejiambia ni bahati.

"Kwa nini hukusema tu?"

"Ningesema, mngenihamisha siku ile ile." Alirudisha kofia kichwani. "Kwangu sioni, lakini si kipofu. Nyumba naijua, na nisichokijua nimekiandika. Kile chumba chako ni kizuri. Nimekipapasa chote, hakina neno hata moja. Nikiingia mle ndiyo nitakuwa kipofu."

Nililia. Nilimwonea huruma, nikajionea haya, na bado nilikuwa na hasira naye, vyote pamoja.

"Unalia?" aliuliza.

"Silii."

"Haya. Ukimaliza kutolia, twende."

"Twende wapi? Turudi nyumbani."

"Masharti ni kileleni."

"Lakini nimekushika."

"Hilo tutalijadili juu." Alisimama, akajikung'uta. Kisha akasita, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ila njia ya kulia siijui. Tangulia wewe, na uwe unaongea."

"Niongee nini?"

"Wewe ukose la kusema? Foka kama kawaida yako. Uso wako siuoni, lakini kelele zako naziona vizuri kabisa."

Basi nikatangulia, nikafoka. Nilimfokea kaka na simu yake. Nilimfokea yule mteja anayegawana vidonge na mumewe nusu kwa nusu ili wote wapone. Nilizifokea ngazi: hapa kuna mzizi, hapa jiwe limelegea, hapa aliyechimba alikuwa anafikiria chakula cha mchana. Niliufokea mlima. Nyuma yangu nilisikia begi likigonga kwa mwendo wake mmoja, na nilipotulia ili nivute pumzi, nalo lilisimama likinisubiri. Tulikwenda hivyo kwa karibu saa nzima. Hakuna aliyemshika mwenzake.

Juu kuna uwanja mdogo wa mawe na upepo usiokatika. Ziwa lote liko chini, lina rangi mbili, ya kijivu karibu na ya buluu mbali, na kisiwa kimoja katikati. Baba aligeuza uso pembeni, akalitazama kwa ncha ya jicho kama mtu anayemwibia jirani yake habari ya gazeti. Alitazama muda mrefu.

"Kisiwa bado kipo?"

"Kipo."

"Chenyewe ndicho sikioni. Naona maji yanayokizunguka."

Mbele yetu kulikuwa na ubao mnene uliolala juu ya nguzo mbili, ule unaomweleza mgeni anachokiona: ghuba, kisiwa, mdomo wa mto, mlima wa ng'ambo. Rangi ilikuwa imekwisha kabisa. Baba alitua begi, akatoa kopo la rangi nyeupe, brashi mbili na kitambaa.

"Kumbe ndiyo aliyouliza mlinzi," nilisema.

"Tangu mwezi wa tatu ofisi yao imeruhusu. Mtu wa kujaza ndiye hakuna. Jaza wewe."

"Baba, mimi vibao siviwezi. Mkono wangu ni wa kuhesabu vidonge."

"Huhitaji kuviweza. Chovya."

Nilichovya. Yeye aliweka kidole kwenye mfereji wa herufi ya kwanza, akatangulia mbele ya brashi, na mimi nikafuata. Brashi iliyumba mkononi, lakini rangi haikutoka nje. Ilishuka yenyewe ndani ya mbao, ikajaa, ikasimama ukingoni. Nilimaliza ghuba, nikaingia kisiwa.

"Haitoki nje," nilisema, kama mtoto.

"Ndiyo ilivyochongwa."

"Kwani ulianza lini kuchonga? Wenzako walikucheka maisha yako yote."

Baba aliinua kidole kutoka kwenye ubao. "Hukumbuki kabisa?"

"Nini?"

"Kazi ya njia hii nilianza kwa brashi tupu, kama wenzangu. Wewe ulikuwa ukitoka shule unakuja karakana, unataka kupaka. Unatoka nje ya mstari, unajikasirikia, unatupa brashi, unalia. Hasira zako si za leo. Mama yako akasema mwache asiguse. Mimi nikachukua patasi. Nikaona nikichonga, hutaweza kukosea." Aligonga ubao kwa kucha. "Huu ndio wa kwanza. Uliujaza wote, hukutoka nje hata mahali pamoja."

"Na vya miaka yote ile iliyofuata? Nilikuja mwaka mmoja tu, nadhani. Au miwili."

"Miwili. Baadaye nilikuwa nimezoea."

Niliinamia mdomo wa mto nikaendelea kupaka, kwa sababu sikuweza kufanya kingine. Niliona mikono yangu, nikaona kidole chake kinachotangulia, kimechakaa, kinasoma bila papara kile alichokiandika kwa ajili yangu.

Simu ililia. Kaka.

"Vipi, mmefika?" aliuliza. "Amekushika?"

Nilimtazama baba. Alikuwa amejitia hamnazo, anafunga kopo la rangi, lakini masikio yalikuwa kwangu.

"Hajanishika," nilisema. Neno kwa neno ilikuwa kweli. "Lile gari la Jumatatu lifute."

"Lifute? Na ile mikato ya kisu? Wewe mwenyewe si ndiye uliyesema..."

"Nilisema ujinga. Nitakueleza nikishuka. Mwenye gari mwambie chochote, si wewe uliyempigia?" Nikakata simu. Mikono ilikuwa na rangi, na simu nayo sasa ina alama tatu nyeupe mgongoni.

Baba alifuta brashi moja, akafuta ya pili, akavirudisha vitu begini kimoja kimoja.

"Kipi hujaandika bado kule nyumbani?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Swichi za taa. Na ile rafu ya juu, siifikii."

"Kesho nitakuja. Utanionyesha namna ya kushika patasi."

"Utajikata."

"Basi nitajikata. Nauza bandeji."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akavaa begi, akapapasa kwa mguu mahali ngazi ya kwanza ya kushukia inapoanzia, akasimama hapo. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Haya, nishike."

"Baba! Na masharti?"

"Yalikuwa ya kupanda tu," alisema. "Kasome bahasha."

Mkono ulikuwa umeelekea pembeni kidogo ya pale niliposimama. Nilisogea mpaka ukanipata.